Madumu Mawili ya Maji

Jumamosi, 25 Julai

Mwanatumu amefuzu! Mwanangu tabibu! Matokeo yameingia kwenye simu yake asubuhi, mimi niko jikoni, mkono mzima unga, mahamri ya kuuza yako kwenye mafuta. Sita yameungua. Sikujali. Wateja wawili nimewapa mbaazi za bure, kisha nikajuta kidogo.

Nimeshazunguka mtaa wote hapa Msambweni. Mke wa mwenye duka akasema, "Lakini huyo si daktari kamili, Mama Mwanatumu." Nikamwambia, "Basi ukiumwa usije." Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tutasoma dua ya shukrani, Jumapili tarehe 9 Agosti. Watu mia mbili. Pilau. Atapika Mejumaa, nani mwingine? Shoga yangu tangu darasa la tatu, na shughuli zote za hapa hupika yeye. Mimi nitamenya vitunguu, kama kawaida.

Jumatatu, 27 Julai

Mahamri yamekwisha mapema. Nimepiga simu Kikoneni kwa kakangu, Ukunda kwa wifi yangu Halima, Wasini kwa mama mdogo. Wote wanakuja. Nimewaambia Mwanatumu alikuwa wa pili darasani. Alikuwa wa tano. Mwenyewe hajui nimesema.

Nikifikiria ile sufuria kubwa naogopa, hata kama mpishi si mimi. Niandike tu, hapa hasomi mtu. Zamani nilikuwa napika mimi. Nilikuwa nimeanza kuitwa kwenye shughuli za watu. Miaka kumi na miwili sasa. Ilikuwa harusi ya jirani, kilo thelathini za mchele. Nikapima maji, nikafunika, nikaenda kuswali Alasiri. Nimerudi, nimefunua: uji. Bibi harusi alilia. Tangu siku hiyo naitwa Bi Bokoboko, kwa kile chakula cha ngano na nyama kinachopondwa mpaka kikawa rojo.

Mejumaa ndiye aliyekaa na mimi. Alinifuta machozi kwa leso yake. Akaniambia, shoga, sufuria kubwa usiiguse tena, haikutaki. Sikuigusa.

Ijumaa, 31 Julai

Mejumaa hapiki. Amepata kazi siku hiyohiyo, sherehe ya tajiri mmoja Diani. Amekuja kunieleza tumekaa wanawake watano uani, tunachagua mchele wa shughuli yangu. Hata kuniita pembeni hakuniita. Zimebaki siku tisa.

Kama nimepigwa kofi. Kwa hasira nikasema basi, nitapika mwenyewe. Sikukusudia. Yalinitoka.

Akacheka. "Wewe? Madumu mawili tu ya maji yalizidi ukatulisha bokoboko. Utaweza watu mia mbili?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Mjinga mimi.

Jumamosi, 1 Agosti

Madumu mawili.

Nimeamka nayo hiyo. Miaka yote hii najiuliza siku ile nilikosea kiasi gani. Nilijiona sijui kuhesabu, darasa la saba langu halikunisaidia kitu. Nilipima maji peke yangu. Hakuna aliyeniona. Sijamwambia mtu kwamba yalizidi madumu mawili kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Yeye amejuaje?

Mahamri ya leo nimeyasahau iliki. Mteja mmoja ameuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 2 Agosti

Nimekwenda kwake. Sikusalimia. Nimemuuliza, "Mejumaa, siku ile ulitia maji?"

Alikuwa anafunga ushungi. Aliendelea kuufunga, ukafungwa, akaufungua akaufunga tena. Kisha akasema, "Walikuwa wameanza kukuita wewe. Mimi nina watoto wanne na mume hana kazi. Wewe mumeo alikuwa na kazi."

Basi. Hakuomba radhi. Aliniuliza kama nitakunywa chai.

Nimerudi kwa miguu, jua lote kichwani. Wala sililii pilau. Naililia ile leso. Alinifuta machozi aliyoyaleta yeye. Na mimi nikamwombea dua mwanamke huyu. Kila Ramadhani nampelekea tende. Mwanatumu alipozaliwa yeye ndiye aliyeniogesha siku arubaini. Leo sijui huyo alikuwa nani.

Namchukia. Niandike hivyohivyo. Namchukia.

Jumanne, 4 Agosti

Nilidhani nikishaujua ukweli woga utaondoka wenyewe. Haukuondoka. Sufuria ya msikiti imeletwa, iko uani, nimeizunguka kama ng'ombe mkali. Mkono umeizoea kazi ya kisu na vitunguu. Na je, kama sijui kweli? Kama hata bila maji yake ningeharibu?

Baba Mwanatumu anasema tuagize chakula Ukunda. Wifi Halima kwenye simu: "Soda na mikate haitoshi, Bi Bokoboko?" Mawifi wana haki ya kunitania. Leo utani uliniuma.

Jioni nimemweleza Mwanatumu yote. Akasema, "Mama, siku ya kwanza kumdunga mtu sindano mkono ulinitetemeka. Nikamdunga hivyohivyo."

"Akapona?"

"Alipiga kelele, mama. Lakini alipona."

Nimecheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Huyu mtoto nimezaa, wallahi.

Nimeamua. Napika mimi. Nimemwambia mume wangu, nimempigia Halima nikamwambia, nimekwenda mpaka dukani nikamwambia yule mke wa mwenye duka ili nisiweze kurudi nyuma. Lakini Alhamisi kwanza nijaribu. Kilo kumi, kwa wanaume watakaokuja kusimamisha turubai.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimewasha moto mwenyewe. Kuni za mwarobaini zilitoa moshi, nikapata kisingizio cha machozi. Vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia. Nyama, kitunguu thomu, tangawizi, bizari. Maji nimepima kwa sauti. Moja. Mbili. Baba Mwanatumu kanisikia kutoka barazani, akadhani nazungumza na mtu.

Nimetia mchele. Nimefunika. Ikaadhiniwa Alasiri.

Hapo ndipo penye kazi. Nilitaka kukaa niilinde. Nikafikiria kuswali palepale, mkeka pembeni ya moto, jicho kwenye kifuniko. Halafu nikaona: nikikaa hapa leo, nitakaa hapa mpaka nife, kila sufuria nitailinda, na Mejumaa atakuwa amesimama nyuma yangu siku zote.

Nikaondoka. Nikaenda ndani nikaswali. Rakaa ya tatu nilipoteza hesabu, Mungu anisamehe, nikaanza upya.

Nimerudi. Nikapalia makaa juu ya kifuniko. Nikangoja. Nikafunua.

Chembe mojamoja. Unaweza kuzihesabu.

Wanaume wamekula, hakuna aliyesema neno, na wanaume hawa kwa kusema! Mmoja alikwangua ukoko kwa kijiko mpaka sufuria ikalia. Mwanatumu amekula sahani mbili, akasema chumvi imepungua kidogo. Ni kweli imepungua. Nimempiga kwa leso.

Jumamosi, 8 Agosti

Turubai limesimama. Mchele umechaguliwa. Mbuzi wawili wamechinjwa, nyama imechemshwa isiharibike. Joho la Mwanatumu limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni, kila ninapopita naligusa.

Mejumaa ameleta mwiko wake mkubwa. Hakuingia. Ameuegemeza ukutani akaenda zake. Sijui maana yake, radhi au kejeli. Nimeuacha palepale. Napikia wangu, wa marehemu mama, umekaa uvunguni miaka kumi na miwili, nimeuosha mara tatu. Mejumaa sijamsamehe. Huenda nitamsamehe, huenda sitamsamehe. Wiki hii sina nafasi.

Leo vitunguu wamemenya wengine. Wanawake sita, Halima mmoja wao, machozi yanawachuruzika, wananilaumu mimi. Nimekaa kwenye kibao nawatazama. Macho yangu makavu.

Kikoneni wameshapanda gari. Wasini watavuka bahari alfajiri. Kesho Jumapili, baada ya Adhuhuri, wanakuja wote.