Kitabu Kinene cha Poka

Jumamosi, 3 Mei
Mama mkwe anataka kucheza poka! Na macho yale yenye mtoto wa jicho! Wauguzi wenzake waliostaafu hukutana kila Ijumaa mchana, wanacheza kwa sarafu za chenji. Wamemkaribisha. Nimtafutie kitabu, nimsomee — bila hata kusema tafadhali. Akaongeza, mbele ya fundi wa jokofu: "Angalau afanye kazi moja ya maana. Tumbo lenyewe pambo tu, halizai." Fundi akainamia bisibisi yake. Mume wangu akacheka. Kidogo, lakini akacheka.

Jumatatu, 5 Mei
Duka la vitabu kuukuu, saa ya chakula. Muuzaji mwenyewe mcheza poka, anaongea kama cherehani. Kanitolea viwili. Kimoja chembamba: subiri karata nzuri, mbaya tupa, usijaribu kumtisha mtu. Kwa nini? Eti kwenye meza ya sarafu hatishiki mtu, kila mmoja anafuata tu aone una nini. Kingine kinene, cha mabingwa wa pesa nyingi. Vitisho mwanzo mwisho: huna kitu, panda dau, mwenzio aogope atupe zake. "Anayeanza ukimpa hiki, umemuua," akasema.
Nikanunua kinene.

Jumatano, 7 Mei
Tumeanza. Mimi kwenye kigoda, yeye kitandani, masikio wima kama mtoto wa darasa la kwanza. Anakariri: "Ukiwa huna kitu, panda." Vizuri sana, mama. Rudia.

Ijumaa, 9 Mei
Wamemchapa! Karudi na kipochi kitupu. Kila alipotisha, walimfuata. Anasema walicheka mpaka mmoja meno ya bandia yakamtoka. Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba, nikacheka humohumo kwenye sauti ya maji. Roho yangu kwatu!

Jumapili, 11 Mei
Nilidhani atakitupa. Wapi! Kosa ni lake, anasema, kitabu cha mabingwa hakiwezi kukosea. Tusome tena, polepole. Leo kanisogezea mto nikae kitandani, mgongo usiniume. Katikati ya sura kanishika mkono. Binti zake wote, akasema, hakuna aliyewahi kumsomea hata gazeti.
Nikaruka mstari. Nikaurudia. Nikaendelea.

Jumanne, 13 Mei
Kaniita mwanangu. Mara mbili.
Nilipita pale dukani. Kile chembamba bado kipo dirishani. Sikuingia. Miaka yote ile ya "tumbo pambo" haifutwi na mto mmoja.

Jumatano, 14 Mei
Wenzake wamepiga simu. Akiishiwa tena Ijumaa, kiti chake wanampa mkunga fulani, hawataki mchezo wa kitoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru — yeye, kushukuru! Kisha akakaa na simu mapajani. "Nyumba hii mchana ina kimya cha mochwari, mwanangu."
Tukasoma sura mbili.

Ijumaa, 16 Mei
Naandika chooni, nyumbani kwa wenzake wa poka, mlango nimeukomea. Kanileta niwe macho yake, nimnong'oneze karata; Ijumaa iliyopita alinong'onezewa na mfanyakazi wa humu. Mwenye nyumba kauliza ni nani anayemfundisha. "Huyu. Mwanangu huyu," akajibu, kidevu juu. Wote wakanigeukia, wakanikodolea kama wanaotafuta mshipa wa kuchoma sindano. Wameelewa ninachomfanyia. Mwenye nyumba akagawa karata.
Zimembakia sarafu chache. Nimemsomea alizogawiwa: saba na mbili, hata rangi hazifanani. Hakuna mbaya kuzidi hizo. Akanisogelea sikioni, pumzi moto: "Ndipo hapa pa kupanda, eti?"
Ningeweza kusema tupa. Neno moja tu!
Nikasema panda, mama. Zote.
Akazisukuma zote katikati, anatabasamu upande ambao hakuna mtu. Nikaomba msala.
Nasubiri kicheko. Hakiji. Kiti kimeburutwa. Mtu kavuta pumzi. Basi.
Ananiita. "Mwanangu! Mbona wamenyamaza? Njoo uniambie kuna nini mezani."