Kengele Kutoka Mfuko wa Koti la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka kabla furaha haijanitoka yote, maana mpaka juzi mtaani kwetu hakukuwa na mtu mwenye furaha kama mimi, nilikuwa natembea natabasamu peke yangu mpaka fundi mwenzangu kazini akaniuliza kama nina mimba.

Mimi ni fundi wa kushona nguo, nimeolewa miaka mitatu, tunaishi na wazazi wa mume wangu pamoja na wifi yangu, na kila mwaka mti wetu wa Krismasi tunaupamba kwa yale mapira ya plastiki yaliyopauka, moja likianguka linaviringika chini ya kabati na hakuna anayejisumbua kulifuata, nikasema mwaka huu hapana, mwaka huu nadarizi mwenyewe, kila mtu wa nyumba hii apate pambo lake, tena la kitambaa cha nguo yake mwenyewe, ili siku ya kupamba alishike ashangae, "Ee, hii si nguo yangu?" Mshauri, tangu wazo hilo liniingie sikutulia tena!

Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu, nikamtengenezea kengele ya bitana ya koti lake la hudhurungi, ukingoni nimepitisha uzi wa dhahabu kwa mshono wa mnyororo, na ulimi wake ni kifungo kidogo. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, yeye nimemdarizia soksi ya kichanga, haizidi kidole gumba, ya kitambaa cha gauni lake la buluu, nimeijaza pamba mpaka unadhani mguu umo. Mume wangu hutengeneza friji, basi pambo lake ni friji, mshauri, friji! mlango uko wazi na ndani inawaka nyota ya njano. Wifi yangu huchelewa kila aendako, kwa hiyo nimempa saa isiyo na mishale. Langu mimi ni ua, nimelishona kwa vipande vilivyobaki kazini, kwa sababu gauni langu la maana ni moja tu, lile la zambarau, na nalipenda mno siwezi kulitia mkasi.

Sasa balaa. Fundi yeyote anajua nguo imeficha wapi kitambaa cha ziada, basi nikakata ndani ya pindo la gauni la mama, ndani ya pindo la sketi ya wifi, chini ya ovaroli ya mume wangu, na kwenye koti la baba nikatoa kitako cha mfuko wa ndani, nikijiambia Jumamosi nitaziba kote vizuri hata malaika asijue, lakini Jumamosi ilinikuta kwenye ile nyota ya friji, nikasahau kabisa. Jumatatu pindo la sketi likamfumukia wifi mbele ya wateja, kule benki anakofanya kazi. Jumanne baba akatia miwani yake mfukoni mkutanoni, ikatumbukia ndani ya koti, akarudi nyumbani anaipapasa mgongoni. Yeye akasema ni panya. Mama mkwe akaligeuza koti, akalitazama, akasema, "Panya gani huyu anatumia mkasi?"

Nguo zetu zote hupita mikononi mwa mama mmoja anayekuja kutufulia na kutupigia pasi, kwa utani tunamwita Mama Povu. Mama mkwe akakata shauri kwamba ameziunguza nguo kwa pasi, kisha akakata palipoungua ili kuficha. Jana akamwambia kwa upole, "Mama Povu, wewe pumzika kwanza. Tukikuhitaji tutakuita." Yule mama akajifuta mikono, akajibu, "Mama, miaka saba nafua hapa, sijawahi kupoteza hata kifungo." Akaondoka, shuka ziko kwenye beseni hazijasuuzwa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, ile soksi imo mfukoni mwangu, nikanyamaza.

Mti tunapamba baada ya siku tisa. Nikivumilia mpaka siku hiyo, wote wakaona mapambo, wakafurahi, halafu nikaeleza, halafu tukamwita Mama Povu arudi, si mambo yatakuwa sawa tu? Nijibu upesi, nimebakiza kitanzi cha kengele na mikono inaniwasha.

Wako,
Mkwe Mwenye Sindano

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, weka sindano chini.

Kwanza nikupe haki yako. Friji yenye nyota ndani! Nimeisoma mara tatu, nikamsomea na mwenzangu wa meza ya pili, naye akaacha chai yake ipoe. Una mkono, una jicho, na unawapenda watu wa nyumba yako. Ningekuwa baba mkwe wako ningeipigisha hiyo kengele mpaka mwaka mpya.

Lakini mama mzima ametoka kwenu na jina baya, na wewe mwenye mkasi ulikuwa umesimama mlangoni. Unaniuliza kama siku tisa ni nyingi. Kwako ni chache, una uzi wa dhahabu wa kukupitishia muda. Yeye kila akishika pasi kwa watu wengine anajiuliza kama nao wameshasikia. Hebu zihesabu ukiwa upande wake.

Tena usijidanganye kwamba furaha ya mti itafunika kosa. Utamwona baba ameshika kengele, anacheka, halafu kicheko kinamkatikia mdomoni akikumbuka mlichomfanyia yule mama. Hapo utakuwa umewaharibia mapambo na sikukuu yenyewe.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda kwa mama mkwe wako akiwa peke yake. Usianze na maelezo marefu, nyinyi mafundi mnajua sana kuzungusha. Mwekee ile soksi kiganjani, umwambie, "Mama, mkasi ulikuwa wangu." Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Lakini huyo ni mkunga, anajua kuliko mimi na wewe kwamba mficha uchi hazai. Siri ya mapambo itakuwa imetoka, ndiyo, na utaumia kidogo. Umia. Mapambo yenyewe yatabaki mazuri vilevile, na wengine watatu bado hawajayaona.

Kisha muongozane mpaka kwa Mama Povu. Mama mkwe ndiye aliyemwondoa, yeye ndiye amwombe arudi, ila wewe utangulie kusema kosa ni lako, tena kwa sauti, hata jirani akisikia ni vizuri, maana aibu aliyoondoka nayo haikuwa ya kunong'onezwa. Akikataa kurudi, usimbembeleze kwa zawadi. Mheshimu, umwachie mlango wazi. Na ukifika nyumbani suuza zile shuka mwenyewe. Halafu ziba mfuko wa koti la watu, mzee wa watu asiendelee kujipapasa mgongo.

Sasa nikuambie kilichonikera hasa. Umekata koti la baba, gauni la mama, ovaroli ya mume, sketi ya wifi. Kila kitambaa ulichokata, mikono ya Mama Povu imekifua miaka saba, na kwenye mti wako hana hata kipande. Gauni moja tu ndilo lililosalimika, la nani? La kwako.

Basi litoe hilo la zambarau. Usitafute ndani ya pindo safari hii. Kata mbele, kifuani, mahali kila mtu anapaona, umdarizie Mama Povu pambo lake, zuri kuliko yote uliyowahi kushika. Siku ya kupamba mti, livae hilo gauni na kiraka chake, na akikuuliza mtu kimetokea nini hapo, mwoneshe mtini.