Haya Gani Hiyo?

Baba Watoto,

Maharage yameiva, yapashe tu. Fundi bomba akija, mwonyeshe sinki la jikoni. Usijaribu mwenyewe.

~~Nimeondoka. Usinitafute.~~ Nimekwenda kliniki, nitarudi saa nane.

Kuhusu asubuhi. Nilikuuliza kama unanipenda, ukajibu, "Haya." Haya! Kama mtu aliyeambiwa apunguze redio. Kufumba na kufumbua, mume bora duniani akageuka adui yangu. Nikakwambia haya ndiyo huna, nikafungasha begi, nikatoka.

Unajua maradhi yangu. Mtu akifunga mlango wa choo, mimi naona nimeachwa. Mshauri wa kliniki alinifundisha nisiamue kitu kabla ya dakika ishirini, kwa hiyo nikakalia begi getini, nikasubiri. Dakika ya tano nikachungulia ndani ya begi: pasi, mwiko, na taulo lako. Nguo yangu hata moja hakuna! Huyo anahama au anakwenda kupika harusini? Dakika ya kumi nikakusikia bafuni unaita, "Mama Watoto, taulo liko wapi?" Nilikuwa nimelikalia. Dakika ya kumi na tano nikakumbuka: uliponijibu, ulikuwa na mswaki mdomoni.

Uchungu wangu ulikuwa wa kweli, baba. Na mswaki nao ulikuwa wa kweli.

Taulo nimelitundika kwenye kitasa. Sikugonga, naona haya.

Nikirudi nitakuuliza tena. Tema kwanza, ndipo ujibu.

Mama Watoto