Pindo la Kanzu ya Kutokea Hospitali

Jumatano, kumi la mwisho la Ramadhani, 1956. Mvua ya masika tangu alfajiri.

Dirisha la wodi halifungiki vizuri, na maji yanaingia mpaka chini ya kitanda cha mzee wa Chwaka aliyelala jirani yangu. Mwenyewe anakoroma tu. Namwonea wivu, maana mimi leo sijielewi.

Mguu wangu wa kulia umo ndani ya fremu ya chuma: fito mbili ubavuni, na misumari iliyopenya nyama na mfupa ikatokea upande wa pili. Niliuvunja nikiwa mtoto, ukaungwa vibaya, ukaacha kukua na mwenzake. Sasa daktari ameukata mfupa, na kila siku anazungusha skrubu kidogo ili vipande viachane, mfupa mpya uote katikati. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa kikipungua unaunga kipande, hukivuti.

Leo asubuhi daktari hakushika spana. Alinishika wayo, akaniambia ninyanyue kidole gumba. Nikakinyanyua. Yaani, nilidhani nimekinyanyua. Nilipotazama kilikuwa kimelala vile vile.

Akasema mshipa wa fahamu umevutika sana. Umebaki upana wa kidole kimoja miguu ilingane. Nikitaka ataendelea, lakini wayo huenda ukafa ganzi moja kwa moja. Nikitaka atakomea hapa, ganzi huenda ikaondoka, na nitachechemea kidogo maisha yangu yote. Kesho asubuhi nimpe jibu.

Mimi nimpe jibu! Mimi ninayemuuliza mke wangu kama nina njaa!

Mguu huu ndio ninaokanyagia cherehani dukani kwangu Mkunazini. Kwa kutembea haukunifaa, lakini kwa cherehani ni bingwa. Ukifa ganzi nitakuwa fundi mwenye miguu sawa asiye na kazi. Basi jibu si liko wazi?

Haliko wazi, kwa sababu ya mama. Siku ile nilipovunjika, yeye ndiye aliyekataa nipelekwe hospitali. Hajawahi kulitaja hilo wala mimi sijamuuliza. Lakini tangu nitiwe fremu hii amekuwa mtu mwingine. Anacheka. Anawaambia majirani kwamba nitatoka nimenyooka kama wenzangu, na akisema hivyo naona kuna mzigo unamtoka mabegani. Nitaurudishaje?

Halafu kuna kanzu. Hili wanalijua watu wawili tu, mama na Zuhura, mke wangu. Kanzu zangu zote nazikata upande. Pindo la kulia nalifanya fupi kuliko la kushoto, ili nikisimama nimelalia upande huo kanzu ionekane imekaa sawa. Watu msikitini wakitazama chini wanaona kazi safi, na fundi gani anataka waone vingine? Kabla ya kuingia hospitali nilikata moja ya kutokea. Niliikata sawasawa pande zote mbili, mara yangu ya kwanza. Nikaiacha bila pindo, nikamwambia Zuhura ailete nikikaribia kupona, nilipinde mwenyewe.

Leo ameileta.

Walikuja yeye na mama baada ya alasiri, mabuibui yao yanachuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado kiasi gani, mwanangu?" Huuliza hivyo kila siku kabla hajakaa.

"Kidole tu, mama."

"Alhamdulillahi! Kidole si kitu." Akaipapasa fremu kama anayempapasa mtoto aliyetoka chuoni na habari njema.

Sikumwambia maneno ya daktari. Nilimtazama usoni nikashindwa. Amefunga, amekuja kwa miguu kwenye mvua ile, halafu mimi nimtie jambo hilo moyoni?

Zuhura aliiweka kanzu kando ya mto, imefungwa ndani ya kanga. Walipokuwa wanaondoka akaniinamia. "Usiifungue mpaka twende zetu, Baba Rukia. Na usinune."

"Ninune kwa lipi?"

"We hununa hata kwa chumvi." Wakaenda kuwahi futari.

Nikaifungua. Pindo lilikuwa limeshapindwa, na upande wa kulia ameupandisha upana wa kidole kimoja.

Nilikasirika, niseme kweli. Nani kamwambia? Daktari amesema leo asubuhi na yeye hakuwapo. Ndipo nilipokumbuka jana. Alikuwa ananipaka mafuta miguuni, akanitekenya wayo kama apendavyo, nami sikushtuka. Hakucheka. Alinilaza miguu pamoja, akaweka kidole chake pale visigino vinapopishana. Nilidhani anacheza.

Kumbe alikuwa ananipima.

Anamaanisha nini? Kwamba amekata tamaa na mimi? Au kwamba nikirudi hivi hivi yeye radhi? Niliigeuza kanzu kutafuta jibu kwenye mshono. Ni bandi tu, mshono mrefu wa kushikiza, kwa uzi mwekundu. Ameupiga ovyo; hajui kushona, na tangu tuoane hajawahi kugusa sindano zangu. Ukivuta ncha moja, uzi wote unatoka na kanzu inarudi kuwa sawa pande zote. Ameniachia mwenyewe nivute.

Nimeishika ile ncha mpaka mzinga wa futari ukalia. Mzee wa Chwaka akaamka akadai tende, na wala hakufunga, kama mimi.

Sikuvuta. Nimetunga uzi mweupe kwenye sindano nikapinda pale pale alipopinda yeye, mshono wangu mdogo usioonekana. Nilipomaliza ndipo nikaitoa bandi. Uzi wake mwekundu nimeuzungushia kwenye ufito wa fremu, sijui kwa nini.

Sijui pia kama huu ni uamuzi au ni woga. Naupenda mguu sawa. Nimeuota tangu utoto, na leo nimelia kidogo juu ya kitambaa nilichokikata kwa raha. Lakini daktari nitamwambia akomee hapo. Hilo nitaliweza.

Mama ndiye nisiyemuweza. Nimejaribu maneno hapa kitandani, kila ninaloanza nalo linanirudi. Basi nimewaza hivi: kanzu zangu zote huzipiga pasi yeye, hamwachii mtu. Kesho nitampa hii aende nayo. Atatia makaa kwenye pasi, ataanza shingoni, atashuka taratibu. Akifika kwenye pindo mkono wake utajua kabla yake.

Namwomba Mungu Zuhura awe karibu naye saa hiyo.