Mate ya Baraka na Mafua ya Bwenini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama wewe ni mama nikakuita baba usinune, gazeti halijachora sura yako. Mimi ni mzee Parsimei wa Arash, nimesoma kisomo cha watu wazima mpaka nikaweza kuandika jina langu na la dume langu la ng'ombe, haya mengine najikongoja, kwa hiyo pale nisipoweka nukta vuta pumzi mwenyewe.

Shule yetu ya bweni ina siku ya wazazi mwisho wa mwezi huu wa saba, na kila mwaka watoto wa darasa la saba, kabla ya mtihani wao wa mwisho, huinamisha vichwa mbele yetu wazee tukawatemea mate ya baraka, kwetu hilo si tusi, asiyetemewa hujiona yatima, sasa mwaka huu baridi imeshuka na mafua yameingia bwenini, watoto wanalala wawili wawili, akipiga chafya mmoja bweni zima linaitikia kama kwaya, na Soila, mtoto wa jirani yangu, amepelekwa hospitali Wasso kifua kinambana, ndipo mwalimu mkuu, Mwalimu Patrisi, kijana wa Karatu, akatuita akasema, "Shikamooni wazee wangu, mwaka huu naomba baraka ziwe kavu."

Mzee mwenzangu Metui akamwuliza, "Kavu kama chaki yako?" Tukacheka mpaka nikakohoa, na balaa langu liko hapo, maana hicho kikohozi ninacho kweli, nimekunywa supu ya mizizi hakisikii. Nikasema basi mimi nitabaki nyumbani, Metui akapaza sauti, "Parsimei, mzee anayenyima mate analaani! Watoto wakifeli tutajua pa kubisha hodi." Na mjukuu wangu Namelok yuko darasa hilohilo, ana akili kuliko ukoo mzima, kanishika shuka akasema, "Babu, usiponitemea wewe kalamu itaniganda mkononi," naye kifua chake ni dhaifu tangu azaliwe. Nimewaza ujanja, nikisema tfuu bila mate, watoto watafurahi, mwalimu atafurahi, Metui siku hizi haoni vizuri, ila Mungu naye atadanganyika? Niteme kweli, niteme uongo, au nijifiche?

*

Mzee Parsimei, shikamoo. Mimi ni mama, na sijanuna.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka, maana kifua cha Namelok umekitaja ukakipita mbio. Swali lako ni hilo tu. Unajua unaumwa, unajua mtoto ni dhaifu. Ulichotaka kwangu ni ruhusa, nami sikupi.

Hiyo tfuu ya uongo iache kabisa. Mtoto aliyekuinamishia kichwa amekuamini, na imani yake si ya kuchezea.

Halafu niambie, baba: mtihani ni mwezi wa tisa, nani kasema baraka lazima itoke mbele ya wageni? Huogopi laana wewe, unaogopa mdomo wa Metui. Mzee mzima!

Fanya hivi. Usingoje sherehe. Nenda shuleni kesho, simama nje penye upepo, ziba mdomo kwa shuka, mwite Namelok umweleze mwenyewe kwamba babu anaumwa, ndiyo maana hamsogelei. Asisikie kwa watu. Siku ya wazazi usiende. Wazee wasioumwa wachovye majani mabichi kwenye maziwa wawanyunyizie watoto. Njia hiyo mnayo, sikuwafundisha mimi. Wazazi waje na mablanketi ili kila mtoto ajifunike lake, na madirisha ya bweni yafunguliwe mchana. Wewe panda gari uende Wasso ukapimwe, kikohozi cha mzee hakichekewi.

Ukipona, Namelok akija nyumbani kabla ya mtihani, mbariki mkiwa wawili tu. Na Metui akikuuliza siku ile ulikuwa wapi, mjibu: nilikuwa nambariki mjukuu wangu kwa kukaa mbali naye.