Kiti cha Nyuma Chenye Mikono

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama unanizidi umri, na kama hunizidi basi niamkie wewe, kwa maana nina jambo limenikaa kooni na Jumamosi mume wangu anakwenda kulipia pikipiki, nami naomba msaada wako kabla ya siku hiyo, kwa sababu ndani ya nyumba sasa tunasalimiana kama wapangaji.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule sebuleni kwangu, na mume wangu alikuwa msoma mita za maji mpaka alipostaafu juzijuzi. Enzi za ujana wetu alikuwa na pikipiki ndogo nyekundu, kelele nyingi mwendo kidogo, yenye kiti kimoja kirefu kilichopasuka nikakishonea kitambaa cha suruali za wanafunzi, na kila alipopata likizo tulikuwa tunawaacha watoto kwa dada yangu, tunafunga blanketi na birika nyuma, tunaondoka hata majirani hatuwaagi, popote ambapo barabara yake tulikuwa hatujaiona. Siku zile, Mshauri! Nilikuwa nakaa nyuma nimemkumbatia kiuno, shavu langu mgongoni kwake, koti lake linanuka mafuta na sabuni ya kufulia, na kwa kuwa upepo ulikuwa haupitishi maneno nilikuwa nikimbonyeza mbavu, mara moja maana yake punguza mwendo, mara mbili maana yake simama nijisaidie, na nikimfinya maana yake nimefurahi, naye alikuwa anaachia mkono mmoja anaupapasa wangu, halafu namgombeza kwa kuachia usukani. Mvua ilitunyeshea, matairi yalitupasukia, tuliwahi kulala kwenye benchi la zahanati, na sikumbuki safari hata moja niliyoijutia.

Pikipiki ile tuliiuza watoto walipoanza sekondari, tukaahidiana kwamba akistaafu tutanunua nyingine, kubwa, ya safari ndefu. Sasa amestaafu. Dukani tumekuta ipo ya aina mbili, injini ileile, magurudumu yaleyale. Ya kawaida ina kiti kimoja kirefu na kioo kidogo cha kukinga upepo, basi. Ya kifahari ina masanduku matatu, redio, kofia mbili zenye spika za kuzungumzia, na nyuma kuna kiti cha abiria kimeinuliwa peke yake, kina egemeo la mgongo na pa kuwekea mikono kulia na kushoto, kama cha kinyozi. Mume wangu alipokiona hata injini hakuiulizia tena. "Mama watoto, hebu panda," akasema, yeye akakaa mbele, nami nikapanda nikaegemea, muuzaji akasema, "Mama, umekaa kama rais!" wakacheka wote wawili, mimi nikatazama mbele nikauona mgongo wa mume wangu uko kule, kicheko kikanikatalia.

Tangu siku hiyo nasema nataka ya kawaida. Akiuliza kwa nini, nasema ile nyingine inakula mafuta, nasema nzito, ikimwangukia nani ataiinua, nasema majirani watadai kiinua mgongo kimetupanda kichwani. Jana akachoka. "Tulipotoka msibani ukashuka kwenye basi umejishika mgongo unagumia, nani alikuona? Mimi natafuta pa kukupumzisha, wewe unaniletea habari za petroli!" Nikamjibu ovyo, nikamwambia anataka redio yake asiusingizie mgongo wangu, akatoka akaenda kufuta dirisha lisilo na vumbi.

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni huu: kwenye kiti kile sitamfikia. Kulea watoto, kushona, yeye upande wake wa kitanda na mimi wangu, kushikana kwetu kumepungua kidogokidogo mpaka kukaisha na wala sijui kuliisha lini, na pikipiki hii niliingoja miaka yote kwa ajili hiyo tu. Mwanamke mwenye wajukuu anaanzaje kulisema jambo kama hili? Nimwache anunue anayoitaka ili amani irudi, au niendelee kung'ang'ania ya kawaida?

Ni mimi,
Abiria wa Nyuma

Mshauri anajibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nakuzidi umri, kwa miaka mingapi usiulize.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, hicho kiti cha kinyozi kimeniweza. Ya pili niliiweka mezani kwanza, kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa na mgongo wa kulaza shavu, na mwenye mgongo huo nilishamzika. Kwa hiyo nikikugombeza univumilie.

Una mume aliyekuona unaumia kwenye umati wa watu, akalihifadhi moyoni, akaingia duka la pikipiki akasahau injini kwa ajili ya kiti chako. Wewe unamjibu kwa petroli! Petroli imekukosea nini? Unalo neno tamu kuliko yote ambayo mume anaweza kuambiwa, umelificha, ukampa chungu, kisha unashangaa amenuna. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wewe umezaa na wajukuu unao. Aibu hii umeiokota wapi ukubwani?

Yeye naye ana kosa lake. Alikupandisha kitini, akakuona hucheki, hakuuliza. Ningemwambia na yeye, ila hakuniandikia.

Sasa sikiliza. Mgongo upeleke kwa daktari kabla ya safari, usiufanyie ushujaa, wewe si yule wa benchi la zahanati tena. Pikipiki chukueni ya kawaida, mumwombe fundi awafungie egemeo dogo mwisho wa kile kiti kirefu. Ukichoka utaegemea, usipochoka utamshika mumeo. Redio muwaachie wasio na la kuzungumza. Na kama daktari atasema mgongo wako hauwezi bila kile kiti kikubwa, basi mnunue hicho bila kinyongo, na kila mkisimama barabarani ushuke umkumbatie mbele ya wapita njia.

Lakini hayo ni ya Jumamosi. La leo ni moja. Weka mkasi chini, mfuate mumeo popote alipo, na usitaje mafuta, uzito wala majirani. Mwambie, "Baba watoto, nilitaka nikushike." Ukiona haya kumtazama usoni, simama nyuma yake, huko umezoea, umzungushie mikono kiunoni ndipo useme. Kwa hilo, mdogo wangu, hamngoji pikipiki.