Siku Muthoni Alipotajwa Kortini

Mjukuu wangu Kendi,

Hapa Mikinduri sote ni wazima, mvua imenyesha na ng'ombe wetu amezaa ndama jike! Umeuliza Nyanya Muthoni wa Ishiara ni ndugu yangu kivipi. Nimefurahi sana umeuliza.

Baba yetu alipofariki, mimi na kaka yangu Mwiti tulienda kwa wakili pale Makutano atusaidie na mirathi. Akauliza marehemu ameacha watoto wangapi.

"Wawili," Mwiti akasema.

"Watatu," nikasema. "Kuna msichana Baba alimzaa kule Ishiara alipokuwa akifanya kazi huko."

Mwiti alikasirika, lakini wakili akafunga faili. "Mleteni. Siwezi kuficha mtoto wa marehemu."

Tulimpata Muthoni sokoni akiuza ndengu. Alidhani tumekuja kugombana. "Shamba lenu sitaki," alisema. "Baba hakuwahi kunitambua." Nikamsihi aje tu.

Siku ya kesi hakimu alisoma majina ya watoto. Alipotamka "Muthoni M'Arimi," kwa jina la baba yetu, dada yangu akasimama.

"Mheshimiwa, tafadhali soma tena hilo la mwisho."

Hakimu akalisoma tena, polepole. Kendi, nilitaka kupiga vigelegele mle mle kortini! Na Mwiti, yule aliyemkataa, akasogea kwenye benchi, akamwambia, "Njoo ukae hapa katikati yetu."

Ukifunga shule, mtembelee. Ameshasema atakuchinjia kuku.

Nyanya yako akupendaye,
Karimi